Mtu wa Nchi Kavu

Kituo cha Kwanza
Jumatatu, 2 Juni

Dada,

Nimefika saa nane mchana, na mvua imenipokea kama mwenyeji aliyekuwa akichungulia dirishani. Mlinzi wa hapa alikuwa kibarazani anakunywa chai. Akanitazama nikivuta kayaki mchangani, nikifungua kamba, nikivaa mguu wangu, nikipanda ngazi arobaini na mbili hadi mezani kwake. Hakunisaidia, na nilimpenda kwa hilo. Akagonga muhuri wa kwanza. Bado sita.

Wewe utafika kesho kwa njia ya msituni, kwa hiyo barua hii namwachia yeye. Huku simu ni ya kumulikia tu, mtandao haupo. Lakini kuna mashua ya vifaa: Jumanne inateremka kutoka hapa hadi Kituo cha Saba, Ijumaa inarudi. Nahodha wake ni mama mmoja anayeitwa Bi Nahodha na kila mtu. Amesema barua zetu atazibeba bure, mradi ziwe za maana.

Nakukumbusha masharti, maana nakujua. Siku ile Ofisi ya Njia wewe ulikuwa unatazama viatu vya karani badala ya kusikiliza. Tuna siku ishirini na tano, mwisho ni tarehe 26. Vituo saba, kilomita mia moja na arobaini. Mimi napita baharini, na kila kituo nipande mwenyewe kutoka majini hadi kwenye daftari, nisibebwe, nisikokotwe. Wewe ndiye mtu wangu wa nchi kavu: unapita kwa miguu, unatia sahihi nyuma yangu kila kituo. Ukikwama wewe, nimekwama mimi. Na sote wawili tusiguse chombo chenye injini.

Tukimaliza, wananipa kibali cha kuongoza wageni. Tusipomaliza, Mkuu wa Ofisi atasema kwa mara ya tatu yale aliyosema mara mbili: "Bwana, moyo unao, ila mguu huna."

Ukichoka, sema. Usijifanye chuma.

Mdogo wako,
Chura


Kituo cha Pili
Jumanne, 10 Juni

Chura,

Nimeipata barua yako, na viatu vya karani yule vilikuwa vimeshonwa vibaya, kwa hiyo sikuwa napoteza muda.

Huu msitu sijui nikuelezeje. Miti mikubwa, mitano ingejaza karakana yangu na uwanja wake. Mashina yote yamevaa kuvu ya kijani hadi mabegani, kama wazee wanaoona baridi. Mvua ikikatika angani, humu inaendelea kwa saa nzima, majani yanajikung'uta. Nikisimama nasikia matone, nasikia begi langu likilia mikanda, nasikia pumzi zangu. Miaka ishirini na mbili nimeketi kwenye kigoda nikishona viatu vya watu waendao mahali. Sikujua kwamba nami nilikuwa natamani kwenda.

Jambo moja silipendi. Njia inatoka msituni kila mara na kunipitisha ufukweni. Nikifika hapo nageuza uso upande wa miti, natembea kama mtu aliyegombana na jirani. Wewe unajua. Tangu kivuko kile kiliponizamisha nikiwa na miaka tisa, sijaingiza hata kifundo cha mguu kwenye maji yasiyokaa ndani ya beseni. Mtu ana haki ya kumnunia anayetaka kumuua.

Utauliza mbona niko hapa Kituo cha Pili tangu Ijumaa. Ni viatu vya mlinzi. Vyote viwili vinacheka, soli imeachana na ngozi kabisa. Unawezaje kumwacha mtu katika hali hiyo? Basi nimekaa navishona polepole. Naandika nikiwa nimenyoosha mguu juu ya kiti, si kwa sababu yoyote, ni starehe tu. Nitaondoka nikimaliza.

Kigutu kinakaaje? Soksi za ngozi unabadilisha kila siku? Usinidanganye, kikianza kuchubuka nitajua.

Dada yako


Kituo cha Tatu
Alhamisi, 12 Juni

Dada yangu mpenzi,

Ndiyo, nimeandika "mpenzi". Hewa ya bahari inamlainisha mtu.

Mambo yote safi. Kigutu kizima kama kiazi. Na mguu, niseme kweli tupu, haujanisumbua hata kidogo tangu Jumapili. Sijawahi kuwa na mguu mtulivu kiasi hiki.

Jumapili nilipokuwa naingia hapa mawimbi yalikuwa makubwa kidogo. Yalinipindua mara moja, jambo la kawaida, nikajiinua nikaendelea. Ngazi za hapa nilizipanda taratibu nikitazama mandhari. Unajua, kasia ni kitu cha ajabu. Watu wanadhani kazi yake ni maji tu.

Nimekaa siku chache nikingoja bahari itulie, kesho asubuhi naondoka. Leo nimemwona fisi maji akielea chali, amejiwekea chaza kifuani kama sahani, anaipasua kwa jiwe. Akanitazama. Nikamsalimia. Akaendelea kula. Hakuona kwamba nina upungufu wowote, na mimi sikuona sababu ya kumweleza.

Huyo mlinzi wa Kituo cha Pili ana viatu jozi ngapi? Siku nne kwa jozi moja si kasi yako. Lakini starehe ni haki yako, Dada. Pumzika.

Chura


Ndani ya mashua ya vifaa
Ijumaa, 13 Juni

Kwa Fundi Viatu, Kituo cha Pili,

Mimi si mtu wa umbea. Mdogo wako aliniapisha mbele ya mlinzi kwamba sitasema neno. Sikusema. Nimeandika.

Mguu wake umechukuliwa na bahari. Alikuwa ameufunga juu ya kayaki, wimbi likampindua, kamba ikakatika. Tumetafuta siku mbili, Jumanne na leo, mimi na mlinzi, hadi kwenye miamba. Hakuna. Ngazi za Kituo cha Tatu ni sitini na nane. Alizipanda akiegemea kasia, akirukaruka, na pale penye utelezi akipanda kwa makalio. Mlinzi alitaka kumshika. Akamwambia: "Ukinigusa, kaka, umeninyang'anya kazi." Mihuri mitatu anayo. Lakini mikono yake imevimba, na kasia ndilo hilo hilo la kuendeshea. Likivunjika ngazini amekwisha.

Nakuambia kwa sababu nina kaka.

Na nimeliona goti lako. Hata hilo sitasema neno.

Bi Nahodha


Kituo cha Tatu
Jumanne, 17 Juni, alfajiri

Chura,

"Mguu mtulivu." Ngoja nikupate.

Nilisoma karatasi ya Bi Nahodha nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Kesho yake asubuhi nikafunga begi. Nimefika hapa juzi jioni na nimekuta umeshaondoka kwa kurukaruka kama jina lako. Usijisumbue kujitetea. Ni heri ufungue mzigo ulioambatana na barua hii.

Ni mguu.

Gogo nimeliokota ufukweni. Ndiyo, ufukweni, na nililifuata hadi pale povu linapoishia. Ni jepesi, bahari imelikausha na kulilainisha miaka mingi kabla sijalikuta. Mlinzi alinipa shoka na kisu, kisha akakaa mbali kwa sababu nilikuwa naongea peke yangu. Kikombe cha juu nimekichimba usiku kucha na mchana wote wa jana. Ndani nimetandika mkono wa sweta langu, tabaka tatu, na juu yake ngozi laini niliyoikata kwenye ndimi za viatu vyangu. Mikanda imetoka kwenye begi langu, sasa begi nalibeba kwa kamba. Soli ni kipande cha tairi kuukuu lililoning'inia gatini. Usiteleze nalo kwa makusudi unitie aibu.

Kipimo sikuhitaji. Nimekushonea soksi za kigutu miaka sita. Nakijua kuliko ninavyokijua kiganja changu. Kaza mkanda wa juu kwanza, halafu wa chini. Ukikubana mbele, ongeza soksi moja. Ukicheza, chana kipande cha shati lako usokote uingize. Ukiwa kwenye kayaki usiufunge nje tena, uweke ndani, kati ya mapaja, ukumbatie kama mtoto.

Sasa nina jambo, na huenda ni msitu huu unaonifanya niseme, au ni kuchonga mguu saa ishirini bila kulala.

Ile siku lori lilipokuponda mguu, hospitalini, hukuwa na fahamu. Mama alikuwa bado yuko njiani. Daktari alinipa karatasi na kalamu. Akasema, "Dada, ni mguu au ni mtu. Nina dakika kumi." Mimi ni fundi viatu, Chura. Maisha yangu yote naangalia miguu. Nikatazama wako, ule uliotembea mitaa kumi na tisa kila siku ukigawa barua za watu, nikatia sahihi. Ulipozinduka ukauliza nani amekubali. Daktari akasema, "Familia." Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka sita. Ulipokaa ndani miaka mitatu bila kufungua pazia, kila siku nilijua ni nani aliyelifunga.

Uliponiomba niwe mtu wako wa nchi kavu, hukumaliza sentensi nikasema ndiyo. Ukadhani napenda kutembea.

Mashua inapiga honi. Vaa huo mguu, upande ngazi.

Dada yako


Kituo cha Tano
Alhamisi, 19 Juni

Dada,

Nimesoma barua yako Jumanne, nimekaa kwenye gati la Kituo cha Nne, mguu mpya mapajani. Bi Nahodha alijifanya anahesabu magunia.

Nianze na mguu, kisha nije kwenye hilo jingine.

Umekaa. Nilikaza wa juu, nikakaza wa chini, nikasimama, nikangoja uniumize. Haukuniuma. Kituo cha Nne nilikuwa nimepata muhuri tangu Jumamosi, lakini nilishuka ngazi zote hadi majini nikazipanda upya, kwa raha zangu tu, nikiwa wima. Mlinzi akauliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia ndiyo. Hapa Kituo cha Tano ngazi ni tisini na moja na nimezihesabu kwa sauti. Ule wa dukani uliotengenezwa kiwandani ulikuwa unanipeleka. Huu naupeleka mimi.

Sasa hilo jingine. Dada, nilijua.

Nilijua tangu wiki ya pili wodini. Muuguzi aliacha faili juu ya kitanda akaenda kupokea simu. Nilikuwa tarishi miaka kumi na moja. Unafikiri kuna mwandiko wa mtu ninayemfahamu ambao siutambui? Na wako, ule unaoandikia namba chini ya soli za wateja, saba zako zina mkia kama za mtu mwenye hasira. Nilitazama ile sahihi kwa muda mrefu. Haikutetemeka. Nikasema: mtu huyu alinitaka mimi mzima kuliko alivyoutaka mguu wangu.

Nilikuwa nangoja uniambie ili nikushukuru. Ukawa husemi. Nikadhani unajuta kwamba umebakiwa na mdogo nusu. Ndipo nikafunga pazia. Tazama sasa, watu wazima wawili, kila mmoja amekaa upande wake wa mlango akiushikilia usifunguke, na hakuna aliyekuwa anausukuma.

Asante. Ningeiandika kwa herufi kubwa ijaze ukurasa, lakini karatasi ni ya mlinzi.

Na wewe, mficha maradhi! Bi Nahodha ameniambia kuhusu goti. Hakusema neno, alichora. Umeteleza kwenye gogo la mto siku moja kabla ya kufika Kituo cha Pili, goti la kushoto limevimba kama tikiti, na bado umetembea kilomita ishirini kuja kunichongea mguu. Wangu uliokatwa ni wa kulia. Kwa hiyo nimepiga hesabu: mimi nina wa kushoto mzima, wewe una wa kulia mzima. Kati yetu tuna jozi moja kamili. Wewe fundi, niambie kama jozi hiyo haiuziki.

Nimefika kwenye habari mbaya. Mafuriko ya Jumapili yamechukua daraja la kamba kati ya Kituo cha Sita na cha Saba. Njia ya miguu imefungwa, hawatajenga hadi mwezi ujao. Mkuu wa Ofisi ametuma ujumbe kwa redio ya walinzi: mtu wa nchi kavu anaruhusiwa kuvuka ghuba baharini, ila kwa kasia, si kwa injini. Ni kilomita nne. Kituo cha Sita wana kayaki moja ya viti viwili.

Najua ninachokiandika. Sikuombi. Nitakungoja Kituo cha Sita hadi tarehe 26. Ukifika ukasema hapana, tutakaa kibarazani tunywe chai, tungoje Bi Nahodha aturudishe nyumbani, na sitalitaja tena maishani. Mihuri sita ni mingi kuliko niliyowahi kuota. Nimeshatembea, Dada. Kibali si kitu kikubwa kuliko usingizi wako.

Chura


Kituo cha Tano
Jumapili, 22 Juni

Chura,

Mlinzi wa zamu anatangulia kwenda Sita na betri za redio, nimempa hii.

Goti linapinda kidogo. Naja. Nitafika Jumanne, labda Jumatano.

Nikifika usiniambie kitu chochote kuhusu bahari. Usinieleze jinsi isivyo hatari. Usinipe takwimu. Niweke kwenye kile kiti, nipe kasia, nionyeshe upande wa kushika.

Maji nimeshayavulia nguo.

Dada


Kituo cha Saba, Bandarini
Ijumaa, 27 Juni

Dada,

Gari la zahanati lilikuchukua gatini jana haraka kiasi kwamba hukuona yaliyofuata. Mimi sikulala kwa kutaka kukuhadithia, na wewe umeshapandishwa basi la nyumbani na goti lako limefungwa. Basi soma ukiwa umenyoosha mguu. Safari hii kwa sababu.

Nilipanda hadi Ofisi ya Njia nikiwa nimelowa chapachapa, mguu wa gogo ukigonga sakafu ya mbao, ko, ko, ko. Watu wote wakanyanyua vichwa. Mkuu alikuwa ameinua miwani juu ya paji. Nikaweka madaftari yetu mezani: mihuri sita yangu, sahihi sita zako na ya saba uliyoitia gatini. Akapekua. Akatazama saa. Saa kumi na dakika ishirini, siku ya ishirini na tano.

Akasema, "Hongera. Lakini kuna tatizo."

Nikasema, "Mzee, lazima liwepo."

"Sehemu ya mwisho mmekuja wawili kwenye chombo kimoja. Makasia mawili. Masharti yanasema usisaidiwe. Siwezi kugonga muhuri wa saba kwa mtu aliyesukumwa na mwenzake."

Dada, nilihisi ngazi zote za pwani hii zikinirudia kwenye kigutu. Karani akainamisha macho. Kisha nikakumbuka uso wa mlinzi wa Kituo cha Sita, pale wewe ulipokuwa unateremka kwenda kwenye kayaki umeshika mkono wangu, umefumba macho. Alikuvulia kofia.

Nikamuuliza Mkuu, "Kibali ninachoomba ni cha kazi gani?"

"Kuongoza wageni."

"Mwongozaji kazi yake ni nini?"

Akageukia karani. Nikamwambia: "Yule mama aliyekaa mbele yangu ana miaka arobaini na saba. Alizama na kivuko akiwa na miaka tisa. Tangu hapo hajagusa bahari. Leo nimemvusha kilomita nne, mawimbi ya kiuno, mvua usoni, goti lake halipindi. Hakuna aliyelowa zaidi ya kawaida. Mara tatu alitaka kusimama ndani ya chombo na mara tatu nikamkalisha kwa sauti tu. Kama huko ni kusukumwa, basi andika nimesukumwa. Lakini mimi nadhani, Mzee, umenipa mtihani ambao hukuuandika, na nimeufaulu."

Nyuma yangu sauti ikasema, "Na mimi nilikuwa nawafuata kwa mbali kwa mashua yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kuona abiria akivushwa vizuri namna ile. Sasa gonga, nina magunia juani." Bi Nahodha, na matope ya viatu vyake kwenye zulia la Mkuu. Jua lenyewe halikuwepo.

Mkuu akavuta miwani ikateremka puani. Akanitazama, kwa mara ya kwanza, kuanzia juu badala ya kuanzia chini. Akauliza, "Abiria wako alisema nini alipotia mguu nchi kavu?"

Nikamwambia ukweli: "Alisema, 'Imekwisha? Mbona fupi.'"

Alicheka hadi akashika meza. Kisha akagonga. Si muhuri wa saba tu. Akavuta fomu ya kibali, akajaza mwenyewe, akaandika majina yangu yote matatu kwa wino mweusi. Karani akaanza kupiga makofi, wa masjala wakaja kuona kuna nini nao wakapiga, na mimi nikasimama pale na mguu wako wa gogo ukivuja maji kwenye zulia, nikilia kama mtoto wa darasa la kwanza, sikuona haya.

Mkuu akaniita kando. "Ule mguu," akasema, "nani ameutengeneza?" Nikamwambia. Akasema mara mbili aliwahi kuniambia neno ambalo angependa kulirudisha. Nikamwambia aliweke tu, limenifikisha hapa.

Kundi langu la kwanza ni Jumatatu ijayo. Watu wanane, na wawili wanaogopa maji. Nimesema hao wawili wakae karibu nami.

Mwambie Mama. Mwambie polepole, shinikizo lake la damu halipendi habari nzuri za ghafla.

Mdogo wako,
Mwongozaji wa Pwani (nimeandika tu nione linavyokaa)


Nyumbani
Jumapili, 6 Julai

Chura,

Linakaa. Liache hivyo hivyo.

Mama nilimwambia polepole. Akapiga vigelegele haraka. Majirani wakadhani kuna harusi, wakaja, tukawapa chai. Kila anayeingia anapewa barua yako aisome kwa sauti, na ikifika kwenye zulia la Mkuu Mama anamnyang'anya msomaji anamalizia mwenyewe kwa kichwa. Imeshachanika kwenye mikunjo. Nimeibandika kwa gundi ya soli.

Karakana nimefungua Alhamisi. Goti linaendelea, daktari amekataza kigoda, nakaa kwenye kiti cha mgongo kama mwenyekiti wa kamati. Wateja wamekuta viatu vyao palepale nilipoviacha, na wamenisamehe kwa masharti kwamba niwahadithie.

Lakini kuna sehemu siwahadithii, kwa sababu ni yako. Ulikuwa umekaa nyuma yangu, hukuuona uso wangu. Acha nikuambie ulikuwaje.

Robo ya kwanza nilifumba macho. Hilo ulilijua kwa sababu kasia langu lilikuwa linapiga hewa. Nilikuwa nasikia sauti yako tu. Badala ya kuniambia vuta kulia, vuta kushoto, ukaanza kunitajia mzunguko wako wa zamani wa posta: kushoto nyumba ya geti la kijani, kulia mjane mwenye paka, kushoto duka la saa, kulia yule mzee asiyepata barua lakini hutoka kila siku kuuliza. Kila nyumba, kasia moja. Nikatembea mitaa yote kumi na tisa nawe, Chura. Ni mahali fulani karibu na duka la saa ndipo nilipofumbua macho.

Nikaona maji pande zote. Nikalia, ndiyo, na mvua ikanisitiri. Nikataka kusimama, ukaniambia, "Kaa, bado kuna barua." Nikakaa.

Katikati ya ghuba lilikuja lile wimbi. Wewe ulipiga kelele, "Egemea!" Mimi sikuegemea popote. Nililitazama likija, nikasema kimoyomoyo, haya, maliza ulichoanza miaka thelathini na nane iliyopita. Likapanda juu ya pua ya kayaki, likanimwagikia kifuani, mapajani, usoni. Likapita. Nikawa nimekaa palepale. Lilikuwa baridi, lina chumvi, basi. Nimelibeba mgongoni maisha yote kumbe ni maji tu, na halikuwa hata na habari nami.

Baada ya pale ulilalamika kwamba nakuvuruga, navuta haraka kuliko unavyotaja nyumba. Sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimeona bandari, na nilitaka kushinda.

Jambo la mwisho. Jana nilikwenda kwenye bwawa la kuogelea la manispaa. Nililipia darasa la watu wazima, tuko sita, mimi ndiye mwenye nywele nyeupe nyingi na kofia ya plastiki inayonibana masikio. Mwalimu ni binti mdogo, mpole, ana filimbi. Alinilaza chali majini, mkono wake mmoja chini ya mgongo wangu, akasema, "Mama, ukiwa tayari nitautoa."

Nikamwambia, "Binti, utoe tu."

Akautoa.

Dari la pale lina madirisha ya vioo, na mvua ilikuwa inapiga juu yake. Masikio yangu yalikuwa chini ya maji, kwa hiyo niliiona tu, sikuisikia. Mikono yangu ilijifungua yenyewe. Nilihesabu hadi kumi na nne, Chura, kumi na nne nzima, nikiwa nimeelea, kabla sijaanza kucheka nikanywa maji nikapaliwa. Binti akapuliza filimbi kwa hofu. Wenzangu watano walikuwa wamesimama ukingoni wakipiga makofi, nami nikamwambia anilaze tena.

Dada yako